Mechi 15 kati ya 61

Mwishoni mwa mwaka 2020 timu ya Brisbane Lions ilimchukua mchezaji ambaye kila mpenzi wa kandanda ya Kiaustralia alijua kwamba mwili wake haujatulia. Jina lake Joe Daniher, mshambuliaji wa miaka 26, urefu wake mita mbili na kidogo, ametokea Essendon ya Melbourne. Katika misimu mitatu iliyotangulia Essendon ilikuwa na mechi 61 za ligi, mtoano haumo: 22 mwaka 2018, 22 mwaka 2019, na 17 mwaka 2020 baada ya korona kuufupisha msimu. Yeye alicheza 7, kisha 4, kisha 4 tena. Jumla 15. Kinena ndicho kilichomkalisha nje.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyehamia Brisbane kutafuta riziki, na mwaka huohuo nilikuwa nimekaa nyumbani, nami kinena kimenishinda. Natoa ushuhuda huu kwa sababu msimu wa 2021 wa mtu nisiyemfahamu, katika mchezo nisioukulia, ulibadilisha namna ninavyoishi na mwili wangu. Wapo wasomaji wenye maumivu ya muda mrefu yasiyoonekana kwa macho. Nawaandikia hao kwanza.

Kandanda ya Kiaustralia huchezwa kwenye uwanja mkubwa wa umbo la yai, uleule wa kriketi, na kila timu ina watu 18 uwanjani. Mpira wenyewe pia una umbo la yai. Unaupiga kwa mguu au unaupiga ngumi kumpa mwenzako. Kuurusha kwa mkono ni marufuku. Hakuna kuotea, kwa hiyo mtu anaweza kukuvaa akitokea mbele, nyuma au ubavuni, wakati wowote. Mpira ukienda juu, wanaruka kundi zima kuudaka, na mara nyingine goti la mmoja linatua juu ya bega la mwingine. Ukipenya kati ya milingoti miwili mirefu ni pointi 6, ukipita kati ya mlingoti mrefu na ule mfupi ulio pembeni yake ni pointi 1. Robo ni nne, kila moja dakika 20, lakini saa husimamishwa kila mara mpira ukisimama, basi robo moja inakaribia nusu saa. Wapo wanaokimbia zaidi ya kilomita 12 kwa mechi. Wanaanza Machi na kumaliza Jumamosi ya mwisho ya Septemba katika uwanja wa MCG, Melbourne, mbele ya watu wanaokaribia laki moja.

Sasa fikiria mtu wa mita mbili anafanya hayo juma baada ya juma, na kazi yake hasa ni kukimbia, kuruka, kutua, kisha kuupiga mpira masafa ya mita 50.

Daniher alikuwa amefika juu kabisa. Mwaka 2017 alifunga mabao 65, akachaguliwa katika kikosi bora cha Australia nzima, na Essendon wakampa nishani ya mchezaji wao bora wa mwaka. Alikuwa na miaka 23. Mwaka uliofuata kinena kikaanza.

Lazima nieleze ugonjwa huu, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa kwa nini matarajio yake yalikuwa magumu kukadiriwa. Chini ya tumbo, mbele kabisa, mifupa miwili ya nyonga inakutana na kuunganishwa kwa gegedu. Pale misuli ya tumbo inashika kutoka juu, na misuli ya ndani ya mapaja inashika kutoka chini. Kila unapopiga mpira kwa nguvu, kila unapogeuka ghafla ukiwa mbioni, misuli hiyo inavutana hapohapo. Mvutano ukizidi kile ambacho mahali pale panaweza kustahimili, na ukarudiwa siku baada ya siku, panavimba, mfupa unachoka, na maumivu yanaingia. Madaktari wanauita osteitisi pubisi. Wacheza soka wanaupata, wakimbiaji wanaupata, na wabeba mizigo kama mimi tunaupata pia.

Mchezaji aliyekatika kano ya goti yuko katika hali mbaya, lakini ana kalenda. Atapasuliwa, ataungwa, ataambiwa miezi tisa au kumi na miwili, na mashabiki watahesabu naye. Mwenye kinena hana kalenda. Wiki hii anakimbia vizuri, wiki ijayo hawezi kushuka kwenye gari bila kushika mlango. Watu wakimwona anatembea wanasema amepona. Akikosa mechi tena wanaanza kuuliza maswali mengine, ya moyo wake na ya nia yake. Daniher aliulizwa yote hayo. Tena mwaka 2019, katikati ya maumivu, aliomba kuhamia Sydney Swans na Essendon wakakataa kumwachia, basi akabaki mwaka mwingine katika timu aliyokwisha kuiaga.

Kwangu ilianzia ghalani. Nilikuwa nasukuma toroli na kupakia maboksi usiku, na Jumapili nacheza soka na ndugu zetu kutoka Kenya, Kongo na Burundi kwenye viwanja vya upande wa Moorooka, hapa Brisbane. Maumivu yalikuja taratibu, kama msuli uliovutika. Nikaambiwa nipumzike. Nikapumzika, yakapoa. Nikarudi kazini, yakarudi. Nikaambiwa tena nipumzike, muda mrefu zaidi, na kila niliporudi niliweza kufanya kidogo kuliko mara iliyopita. Picha zilionyesha uvimbe tu. Kazini walinipa kazi nyepesi, halafu shifti zikapungua, halafu simu ikanyamaza.

Na kinena si mahali pa kutaja mbele za watu. Nilisema ni nyonga. Nilimwambia shemeji yangu ni mgongo. Mama yangu, kila nikimpigia Tanga na kumpa shikamoo yake, alikuwa akinijibu marahaba na kuuliza palepale, "Umekandwa, mwanangu? Huko hakuna mtu wa kukukanda?" Nilimjibu yupo, ili alale. Mke wangu ndiye aliyejua kila kitu. Alianza kutoa mapipa ya takataka mwenyewe, akanunua mchele wa mifuko midogo ili nisijaribu kuubeba ule mkubwa, na hakusema neno. Kilichoniumiza kuliko vyote kilikuwa msikitini. Kuinuka kutoka sijda kulinishinda, nikawa naswali kwenye kiti, ukutani, pamoja na wazee. Nilikuwa na miaka 33. Kuna mzee mmoja alinipisha kiti chake bila kuniuliza kitu, na nilikikalia huku macho yangu yakiwa chini.

Nilikuwa nimeacha kufikiria mwaka unaofuata. Mtu akisema "mwakani tutafanya hivi," mimi nanyamaza. Hali hiyo naijua vizuri sasa, na ninaiona haraka kwa wengine.

Mwanzoni mwa 2021 nilipelekwa kwa mtaalamu mwingine wa fiziotherapia, dada mmoja kijana, mwenyeji wa hapa. Nilimuuliza swali nililomuuliza kila mtu: nitapona lini? Akasema, "Sijui. Hebu kwanza nione leo una nguvu kiasi gani." Akanilaza chali, magoti yamekunjwa, akaweka kipimo kidogo kati ya magoti yangu na kuniambia nibane. Nikabana mpaka maumivu yalipoanza, naye akaandika namba. Kisha akanieleza kwamba mapumziko yanapooza uvimbe, lakini hayaongezi uwezo wa mahali pale kubeba mzigo, na kwamba kwa miezi yote ile nilikuwa napoa na kudhoofika kwa wakati mmoja. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Alinipa mpira wa kubana kati ya magoti, asubuhi na jioni, na kanuni moja: maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanaruhusiwa, lakini kesho yake asubuhi yasiwe zaidi ya yale ya jana. Yakiwa zaidi, punguza. Usiache.

Alikuwa shabiki wa Lions, kofia yao ilining'inia nyuma ya mlango. Nikamuuliza kuhusu yule mtu mpya, kwa sababu mji wote ulikuwa unamzungumzia. Atacheza ngapi? Akasema magazeti yanahesabu mechi alizokosa, na hesabu hiyo ni sahihi, ila haionyeshi kinena chake mwezi huu kinabeba nini. "Wao ndio wanajua, wanaompima kila siku," alisema. "Mimi na wewe tutamwangalia tu."

Basi nikaanza kumwangalia. Mwaka uliotangulia, kwa sababu ya korona, fainali kuu ilikuwa imechezwa uwanja wa Gabba, hapahapa Brisbane, mara ya kwanza kutoka nje ya jimbo la Victoria, na mimi nilikuwa nimelala kochini nisijue hata nani anacheza na nani. Sasa nilikaa mbele ya televisheni kuanzia Machi na sikutazama mpira. Nilimtazama mtu mmoja. Akitua baada ya kuruka, je, anaanza kukimbia na mguu upi? Akipiga mpira mrefu, je, anashika paja? Akiangushwa, anainukaje? Watu wanaotazama mabao hawajui kwamba katika mwili unaouma, kuinuka kunasema zaidi.

Mechi ya kwanza Lions walifungwa na Sydney. Mimi nilifurahi, na mke wangu alishangaa. Nilifurahi kwa sababu jamaa alimaliza robo zote nne, na wiki iliyofuata alikuwamo tena. Na iliyofuata. Alikuwa na mtindo wake wa kupiga mpira kwa kuupindisha kutoka pembeni hata pale ambapo wengine wangenyoosha moja kwa moja, na wengi walimlaumu kwa kukosa mabao rahisi. Sijali mpaka leo. Mimi kila wiki nilikuwa na hesabu ya aina moja tu: yumo.

Mwezi wa sita, baridi ya huku ilipoingia, maumivu yangu yalirudi. Nilikuwa nimeanza kubeba tena, kazi ya masaa machache katika duka la vyakula la rafiki, nikaamka asubuhi moja siwezi kuvaa soksi. Niliijua siku hiyo. Niliwahi kuipitia mara nyingi, na kila mara ilinirudisha kitandani. Nilimpigia yule dada kumwambia imekwisha. Akauliza namba yangu ya kubana ni ngapi. Nikabana, nikamwambia. Akasema, "Bado iko juu ya ile ya Machi." Tukapunguza, tukaendelea. Nataka wenye maumivu wanielewe hapa, maana hapa ndipo nilipogeuka. Maumivu yalikuwa yaleyale, pengine makali zaidi. Lakini nilikuwa na ushahidi mkononi kwamba mwili uliokuwa unauma haukuwa tena ule wa zamani, na nikaamka kesho yake nikashika mpira wangu badala ya kushika shuka.

Julai mshambuliaji mwenzake Daniher, Eric Hipwood, alikatika kano ya goti, msimu wake ukaishia pale. Nilijua maana yake. Mzigo wote wa mbele ungemwangukia yule mwenye kinena. Nilingoja avunjike. Hakuvunjika. Mwaka 2021 Brisbane walicheza mechi 22 za ligi na 2 za mtoano, na Joe Daniher alicheza zote 24. Mabao 46. Walitolewa na Western Bulldogs kwa pointi moja, 79 kwa 78, palepale Gabba, na mji ukanuna. Mimi niliandika 24 kwenye karatasi, nikaibandika kwenye jokofu, na mama wa watoto wangu akaiacha pale.

Sitaki mtu asome hapa kwamba anayefanya kazi kwa bidii hurudi. Si kweli, na familia ya Daniher yenyewe inalijua hilo. Baba yake Joe, Anthony, na ndugu zake Terry, Neale na Chris wote waliichezea Essendon, na mwaka 1990 waliwahi kucheza wanne pamoja katika mechi moja. Neale, ami yake Joe, aliteuliwa nahodha wa Essendon kwa ajili ya msimu wa 1982 akiwa kijana mdogo sana, wakati goti lake lilikwisha kuumia. Msimu ule hakucheza, na miaka iliyofuata ikapotelea kwenye upasuaji na kurudia. Essendon ilitwaa ubingwa mwaka 1984 na 1985, kaka yake Terry akiwa nahodha, na Neale hakuwamo uwanjani. Hakuna aliyesema hakujituma. Baadaye alikuwa kocha wa timu ya Melbourne kwa karibu miaka kumi, na mwaka 2013 akaambiwa ana ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Alishiriki kuanzisha mfuko wa kupigana nao, na mwaka 2025 Australia ikampa heshima ya kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Namheshimu mtu huyu kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini miaka ile hakurudishiwa.

Na pale Brisbane kulikuwa na Lincoln McCarthy. Alikuwa katika timu ya Geelong miaka saba na akacheza mechi 29 tu, kila mara kitu kingine kinaumia. Akahamia Lions, na mwaka 2019 hakukosa mechi. Mwaka 2024 alikatika kano ya goti, na mwaka huohuo timu ikachukua ubingwa bila yeye. Nilimfikiria sana siku ile.

Siku ile ni tarehe 28 Septemba 2024. Majuma mawili kabla, Lions walikuwa nyuma ya Greater Western Sydney kwa pointi 44 na wakashinda kwa 5, Daniher akifunga mwishoni wakati mpira ulikuwa mzito kwa kila mtu. Fainali waliwapiga Sydney 120 kwa 60. Yule aliyecheza mechi 15 kati ya 61 alipanda jukwaani na medali shingoni, na siku chache baadaye akatangaza kwamba anastaafu. Miaka 30. Wengi walisikitika, wakasema bado ana misimu mizuri mbele. Mimi nilielewa, nadhani. Mtu aliyejifunza kupima kila asubuhi mwili wake unaweza kubeba nini anajua pia lini inatosha, na hakuna haja ya kuuliza watabiri.

Kuhusu mimi: ilikuwa Ramadhani ya 2022, katika tarawehe, nilipoamua kujaribu kusimama safu ya kawaida. Niliswali rakaa za kwanza, nikainuka kila mara, na nikakaa kwenye kiti kwa zilizobaki. Usiku uliofuata niliongeza. Yule mzee aliyenipisha kiti aliniona, akanishika mkono baada ya salamu na kusema, "Alhamdulillahi, mwanangu. Kiti changu nakichukua." Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na sikumficha mke wangu. Kazini nimerudi, siku nne kwa wiki, ghala jingine, na nilimwambia msimamizi siku ya kwanza kabisa ni kinena, kwa jina lake, na akaniuliza tu ninaweza kuinua kilo ngapi. Mama nilimwambia ukweli pia. Alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza kama wajukuu wake wanakula vizuri.

Bado panauma siku za baridi, na siku ambazo nimesimama sana. Mpira wa kubana uko chini ya kitanda na ninautumia. Katika timu yetu ya Jumapili kuna kijana wa Bukavu ambaye ana mwaka sasa anacheza nusu saa na kutoka akishika paja. Wenzake walikwisha kumpa jina la utani ambalo sitaliandika. Nilimwita pembeni, nikamwuliza panauma wapi hasa, akasema nyonga. Nikamwambia mimi pia nilikuwa nasema nyonga. Sasa anakwenda kwa yule dada.

Mashindano yetu ya waliovuka miaka 35 yanaanza mwezi wa tatu. Nimewaambia nitacheza kipindi cha kwanza tu, beki ya kulia, mechi zote, na ikifika mwezi wa tano tutapima kama mguu unakubali cha pili. Kocha ameandika jina langu kwa wino.